Kicheko Nilichokiacha

Tulikuwa tumerudi kutoka makaburini. Mlangoni palikuwa na beseni la maji na kipande cha sabuni ya mche, tunanawa mmoja mmoja kabla ya kwenda kwenye chakula. Mama mmoja jirani, aliyemfahamu marehemu shangazi yangu tangu wakiwa wasichana, alinisubiri nimalize kujifuta mikono. Akanishika kiwiko.

"Umesoma vizuri, mwanangu. Sauti imefika mpaka kule nyuma walikokaa wanaume."

"Asante, mama."

"Ila kicheko chake umekiacha."

Akachukua sahani yake, akaenda kukaa na wenzake kwenye mkeka. Hakuwa na hasira, wala hakuongeza neno. Nikabaki nimesimama pale kwenye beseni, karatasi zangu mbili zimekunjwa mfukoni mwa sweta. Ilikuwa Jumamosi ya katikati ya Juni, huko juu ya Kiwira, na ukungu ulikuwa haujainuka tangu alfajiri.

Leo ni wiki ya nane. Yule mama hajaniachia kiwiko.

## Karatasi mbili

Usiku wa kuamkia mazishi wazee waliniita jikoni. Wasifu ulikuwa haujaandikwa, na katika familia yetu mimi ndiye ninayeitwa mambo ya kuandika yanapotokea. Barua ya posa, barua ya kwenda kwa mtendaji, orodha ya michango. Nikapewa kalamu, binamu yangu mmoja akanimulikia kwa tochi ya simu, wazee wakaanza kutaja.

Mnajua mtiririko wenyewe. Alizaliwa, alibatizwa, alisoma mpaka darasa fulani, alifunga ndoa, alijaliwa watoto, alianza kusumbuliwa na maradhi. Kwenye maradhi kila mtu alikuwa na la kusema. Siku aliyoanguka bustanini, hospitali ya kwanza, hospitali ya pili, dawa zilizobadilishwa, kurudishwa nyumbani. Niliandika haraka, nikihofia kusahau. Kisha tukafika mwisho: marehemu ameacha watoto 5 na wajukuu 14, Bwana alitoa na Bwana ametwaa.

Baada ya msiba nilizitoa zile karatasi nikazihesabu mistari. Maradhi ya mwaka mmoja na nusu yalikuwa na mistari 19. Miaka yote mingine ya maisha yake, zaidi ya 70, ilikuwa na mistari 16.

Niliyemsomea watu pale chini ya turubai la msiba alikuwa mgonjwa tu. Shangazi yangu sikumsoma.

## Kiangazi cha dukani

Ninauza pembejeo za kilimo hapa Uyole, Mbeya, hatua chache kutoka njia panda ya kwenda Tukuyu na Kyela. Anayeijua biashara hii anajua kalenda yake. Kuanzia Oktoba mpaka Januari hupati hata nafasi ya kunywa chai: mbegu, mbolea ya kupandia, mbolea ya kukuzia, wakulima wa ruzuku wamejaa mlangoni, simu zinaita. Ikifika Juni, kimya. Mahindi yanavunwa, hakuna anayeuliza mfuko wa mbegu ya UH6303. Wanakuja wachache wa bustani za mabondeni kutafuta dawa ya ukungu ya viazi, na wale wa dawa ya kuhifadhia mahindi.

Ndugu zangu wa Dar es Salaam wakisikia kiangazi wanawaza jua na jasho. Huku kiangazi kinaanza na majaketi. Juni na Julai ni baridi kavu, anga limetakata mpaka unaona kila mkunjo wa mlima Loleza, na jua la saa sita ni la kuota, si la kukimbia. Wakulima wa Isongole wanakuja na habari za sakitu iliyochoma majani ya viazi. Upepo wa Agosti bado uko njiani na vumbi lake. Ni miezi mizuri kuliko yote ninayoijua, na kwa miaka 9 ya biashara niliipita mbio.

Kila Juni nilikuwa najitafutia mbio nyingine. Mwaka mmoja nilinunua mahindi vijijini nikauza soko la Soweto, hapa Mbeya. Mwaka mwingine nilileta mitumba. Haikuwa shida ya fedha tu. Sikuweza kustahimili kukaa kwenye stuli nyuma ya kaunta na mikono mitupu. Watu wa huku tumelelewa hivyo. Mtu akipita akakukuta umekaa, salamu inafuatiwa na swali: "Mbona umekaa tu?" Lile neno "tu" lina uzito. Linauliza kama unaumwa, kama umefilisika, kama una akili timamu.

Mwaka huu nilirudi kutoka msibani sina nguvu ya kutafuta mbio.

Nikakaa.

Siku ya tatu au ya nne ya kukaa, nilivuta kaunta buku la madeni nikaligeuza. Madeni yanaanzia mbele, na mbele kumejaa. Kurasa za nyuma zilikuwa nyeupe. Nikaandika tarehe, nikaandika "Shangazi", nikaweka nukta mbili.

Hazikufuatiwa na kitu. Nilikaa na zile nukta mbili mpaka saa ya kufunga duka.

## Acheni

Jumapili iliyofuata tulisoma Zaburi ya 46. Aya ya 10 wengi tunaikumbuka kwa neno "nyamazeni", na mimi hivyo ndivyo nilivyoibeba tangu shule ya Jumapili. Nyamazeni, mjue ya kuwa mimi ni Mungu. Lakini Biblia iliyokuwa mapajani mwangu, ile ya Union Version ya mwaka 1952 ambayo wengi tumekulia, haisemi hivyo. Inasema: "Acheni."

Nililiangalia lile neno kama mtu anayeona mlango katika ukuta anaoupita kila siku.

Kunyamaza ni jambo la mdomo. Kuacha ni la mtu mzima wote. Tunaacha kazi, tunaacha njia kuu tukaingia ya vumbi, tunamwambia mama mwenye haraka "mwache mtoto acheze". Mtu akikuletea habari nzuri kupita kiasi unampiga bega, "Acha wewe!" Na usiku ule jikoni niliandika kwa mkono wangu mwenyewe: marehemu ameacha.

Neno ni lile lile.

Sikumsikia tena mhubiri. Nilikuwa nawaza kwamba shangazi ameacha watoto 5 na wajukuu 14 na kicheko, na kwamba mimi cha mwisho nilikiacha. Kiswahili kimeweka hasara na urithi kwenye kitenzi kimoja. Halafu Mungu naye, akitaka ajulikane, anachagua kitenzi hicho hicho.

Sijui kama aliyetafsiri aliwaza yote haya. Mimi yalinikuta pale kwenye benchi, na nilipofika nyumbani niliyaandika kabla ya kuvua viatu. Huo ndio ukurasa wa kwanza uliojaa.

## Waliojiandikia

Wiki ile ile aliingia dukani mchungaji mmoja mstaafu wa Moravian, mzee wa fimbo na kofia ya sufu, kununua dawa ya dumuzi, yule mdudu anayetoboa mahindi ghalani. Alinikuta naandika. Nikaona haya, nikafunga daftari kama mwanafunzi aliyekutwa na barua. Akauliza naandika nini, nami, labda kwa sababu alikuwa mtu wa makamo ya marehemu baba yangu, nikamsimulia habari ya wasifu na yule mama wa kwenye beseni.

Mzee akavuta stuli akakaa.

Akaniambia jambo ambalo mimi, niliyebatizwa na kupata kipaimara katika kanisa hili, sikuwahi kulisikia. Historia ya kanisa kufika huku ninaijua kama kila mtoto wa Rungwe: wamisionari wa Kimoravian walifika 1891, kituo kikajengwa Rungwe. Na Herrnhut kule Ujerumani nilikuwa nimeisikia, kijiji kilichoanzishwa na wakimbizi wa imani kutoka Moravia kwenye ardhi ya mwinyi wa Kijerumani, Zinzendorf, mti wa kwanza ukakatwa tarehe 17 Juni 1722. Nisichokijua ni kwamba watu wale walikuwa na desturi ya kila mmoja kuandika maisha yake mwenyewe akiwa hai. Desturi hiyo ilishika mizizi katikati ya karne ya 18. Aliandika tajiri na mtumishi wa nyumbani, mwanamume na mwanamke. Mtu aliandika alivyokuwa mtoto, alivyohangaika, Mungu alivyomtafuta na alivyompata. Akifa, ndugu waliongeza aya ya mwisho, kisha andiko likasomwa siku ya maziko yake. Maelfu ya maandiko hayo yametunzwa mpaka leo kwenye nyaraka za kanisa kule Herrnhut.

"Yaani marehemu alikuwa anazungumza mwenyewe?" nikauliza.

"Alisema yeye. Ndugu walimalizia tu kufunga mlango."

Akainuka, akalipia dawa yake, akaiangalia ile pakiti. "Mahindi tunayawekea dawa. Watu wetu tunawaachia dumuzi."

Nimeyawaza sana yale masimulizi ya mzee. Kilichonigusa si umri wa desturi wala umbali ilikotoka. Ni kwamba watu wale waliona maisha ya mfua nguo ni mahali ambapo Mungu alipita, kwa hiyo yanastahili karatasi. Sisi tuna imani hiyo hiyo midomoni. Karatasi tunaitoa kwa ajili ya maradhi.

Shangazi yangu angeandika nini? Alijua kusoma na kuandika. Hakuna aliyewahi kumpa daftari, mimi nikiwa wa kwanza, mwenye duka lenye rafu ya madaftari.

## Kulinda mahindi

Basi nikaanza kumtafuta kwenye kumbukumbu, na nilipompata alikuwa amekaa.

Ilinishangaza, maana shangazi hakuwa mtu wa kukaa. Mkumbuke wakati wowote mwingine wa mwaka, yuko mbioni: kuni, ng'ombe, shamba la maharage, kanisani kwenye kikundi cha akina mama, migomba. Lakini kiangazi, baada ya mahindi kupukuchuliwa, yalianikwa uani kwenye turubai la bluu, na lazima mtu ayalinde. Kuna kuku. Kuna mbuzi wa jirani. Na Kiwira haina kiangazi cha kuaminika, wingu linashuka kutoka mlima Rungwe saa nane mchana bila taarifa na manyunyu yanaanza.

Kazi hiyo kwingine hupewa watoto. Shangazi aliichukua yeye na hakumpa mtu. Tulipokuja likizo ya Juni tulidhani hana imani nasi.

Anatoa kigoda, anakiweka mahali jua linapogusa ukuta. Ananyoosha miguu. Pembeni ana mwanzi mrefu, mrefu kumzidi yeye, ili amfikie kuku aliye upande wa pili bila kuinuka. Palikuwa na jogoo mmoja mwekundu asiyeelewa. Shangazi alikuwa anaugusa mwanzi chini mara moja, tap, kuku wote wanarudi nyuma, jogoo anabaki amesimama mguu mmoja juu, anafikiria.

Kila baada ya muda alivua ndala akaingia kwenye mahindi kuyageuza kwa miguu. Hakuinua miguu, aliiburuza, na nyuma yake ikabaki mifereji miwili iliyonyooka kama matuta. Mahindi makavu yakiburuzwa hivyo yanatoa sauti ya manyunyu juu ya bati. Akifika mwisho wa turubai anageuka, anarudi, mifereji mingine miwili. Akimaliza anaokota punje moja, anaiweka kwenye magego ya kulia, anauma. Ikivunjika kwa sauti, yamekauka. Ikinyamaza, siku nyingine tena ya jua. Sisi watoto tulikuwa tunasimama kimya kuisikiliza ile punje.

Halafu anarudi kwenye kigoda. Na hapo ndipo alipocheka.

Nitajaribu kukisema kicheko chake. Kilianza bila sauti. Mabega kwanza. Angekuwa anasimulia kitu, na katikati ya sentensi mabega yanaanza kupanda na kushuka, macho yanafumba, mkono unatafuta ncha ya kanga. Sauti ilikuja mwisho, nyembamba, kama sufuria inayokaribia kuchemka, kisha inafunguka. Alicheka kabla ya kufika kwenye kinachochekesha, hivyo hadithi zake hazikuwa na mwisho. Kuna moja ya mbuzi aliyeingia kanisani siku ya Krismasi. Nimeisikia kila likizo tangu darasa la pili. Mbuzi anapita mlango wa akina mama, anafika katikati ya kanisa, wazee wanatazamana, na hapo mabega yanaanza. Sijui mpaka leo mbuzi alifanya nini.

Tulicheka naye hata hivyo. Uani kote tulicheka, na kuku walitumia nafasi hiyo.

Nilipokuwa nimeandika kurasa nne za jambo hili, ndipo nilipoelewa kwamba ile kazi ilikuwa kisingizio chake kitakatifu. Katika kijiji ambacho mwanamke hawezi kukaa bila kuulizwa kama anaumwa, alikuwa amejipatia kazi ambayo yote ni kukaa. Hakuna aliyemuuliza mbona umekaa tu. Alikuwa analinda mahindi.

Na mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya kaunta.

## Ushuhuda usio na ugonjwa

Kuanzia hapo nikawa naandika kila siku, na si ya shangazi tu. Nilianza kuandika furaha za siku yenyewe. Kijana aliyepita na toroli la maparachichi akiimba sauti ya pili peke yake. Mzee aliyekuja kulipa deni la Desemba na akakataa kukaribishwa chai mpaka nilikate jina lake kwa kalamu nyekundu mbele yake. Asubuhi ya tarehe 9 Julai, moshi wa kila nyumba ya Uyole umesimama wima, hakuna upepo hata wa kuugeuza.

Ilikuwa ngumu kuliko nilivyodhani. Maneno ya shida ninayo mengi na yananijia yenyewe. Kwa furaha nina "tunamshukuru Mungu", kisha nanyamaza. Hata sala zangu, nilipozichunguza, zilikuwa orodha ya maombi, na shukrani ilikuwa kama mlango wa kuingilia tu, unaupita haraka ukafike kwenye haja yako.

Jumatano moja kwenye ibada ya nyumbani ya mtaa wetu, wakati wa shuhuda, nilisimama. Nikasema ninamshukuru Mungu kwa jana jioni, nilifunga duka mapema, nikakaa nje, nikaona mlima unabadilika rangi mpaka giza likaingia, na moyo wangu ukajaa.

Nikakaa.

Watu walisubiri. Walikuwa wanasubiri ugonjwa. Kila ushuhuda tunaoujua una ugonjwa, au mwizi, au ajali, au mtoto aliyefeli akafaulu. Kimya kikawa kirefu, mwenye nyumba akakohoa. Kisha babu mmoja aliyekaa karibu na mlango akasema, taratibu, kwamba na yeye juzi amekula maharage mapya, yale ya kwanza ya msimu, mkewe aliyaunga kwa karanga, na alipokuwa anakula alimkumbuka Mungu. Mama mwingine akasema mjukuu wake ameanza kumwita kwa jina. Ikaendelea hivyo. Tulichelewa kutoka usiku ule.

Lakini nilimwona mama mmoja wa pembeni ambaye hakusema kitu. Alimzika kijana wake mwezi wa tatu. Alikuwa anakunja na kukunjua leso, na tulipotoka alitangulia bila kuaga.

Sikulala vizuri. Nilijiuliza nina haki gani ya kusimama na mlima wangu mbele ya mtu kama yule. Niliandika swali hilo kwenye daftari na kwa siku tano sikuandika kingine. Nilifikia kuamua kwamba jambo lote hili ni anasa ya mtu ambaye mwaka huu msiba umemgusa kwa shangazi na si kwa mtoto. Bado siwezi kusema kwamba wazo lile lilikuwa la uongo.

Alikuja mwenyewe dukani. Alinunua mfuko mmoja wa kuhifadhia mahindi, akahesabu chenji, hakuondoka.

"Ile siku ulisema mlima," akasema.

"Nisamehe, mama. Sikufikiria."

"Hapana. Mwanangu alikuwa anapenda kukaa pale kwetu kwenye jiwe, jioni, anautazama. Nilikuwa nimesahau. Nilikuwa namkumbuka kitandani tu." Akaukunja mfuko wake vizuri, akauweka kwapani. "Usiache kusema. Ila useme polepole."

Neno hilo la "polepole" nimeliandika juu kabisa ya ukurasa, na kila nikigeuza daftari naliona.

## Siku za "baridi" tu

Zipo siku nilizoandika neno moja: baridi. Zipo siku sikuandika, nikajaza kesho yake kwa kubahatisha, na nikizisoma sasa naona pale nilipobahatisha.

Palikuwa na hatari nyingine sikuitegemea. Katikati ya Julai nilijikuta naishi kwa ajili ya daftari. Mtoto wa jirani ananisimulia kitu, mimi tayari napanga nitakavyokiandika, na uso wake siuoni tena. Nilikuwa nimebadilisha mbio moja kwa nyingine. Ule utulivu niliosema nimeupata nilikuwa nauvuna mbichi.

Nikajiwekea utaratibu. Siandiki jambo siku ile ile. Naliacha lilale. Asubuhi, kabla sijafungua mlango wa duka, naandika ya jana, yale tu yaliyobaki. Mengi hayabaki, na nimejifunza kuyaruhusu yaende. Yanayobaki mara nyingi ni madogo kuliko niliyodhani ningeyakumbuka. Katika siku nzima ya mauzo mazuri kinabaki kikombe cha chai ya rangi yenye tangawizi nilichopewa na fundi cherehani wa pembeni, na namna alivyokishika kwa mikono miwili akivuka barabara ili kisimwagike.

Imani yangu sijui kama imeongezeka. Sina kipimo. Ninachoweza kusema ni kwamba zamani nilikuwa namwendea Mungu kama ofisi, nikiwa na fomu. Asubuhi hizi nikiandika ya jana najikuta nazungumza naye kabla sijajua kwamba nimeanza, na mara nyingi simwombi kitu.

## Turubai la bluu

Jumamosi iliyopita nilifunga duka nikapanda daladala ya Tukuyu, nikashuka Kiwira, nikachukua bodaboda mpaka kwa shangazi. Tarehe 13 Agosti inakaribia, siku ambayo kanisa letu linakumbuka ushirika wa mwaka 1727 ulioiunganisha Herrnhut baada ya magomvi, na nilitaka kufika kabla ya shughuli za kanisa. Nilibeba kaunta buku kwenye mfuko wa plastiki.

Dada, binti yake mkubwa, alikuwa uani. Ameanika mahindi kwenye turubai lile lile la bluu, sasa lina viraka viwili. Amekaa kwenye kigoda. Mwanzi ni mpya, jogoo pia.

Alinipikia mbalaga, ndizi za kwetu, tukala. Kisha nikamwambia nilichokuja nacho, nikamsomea. Nilisoma polepole. Nilipofika kwenye punje na magego ya kulia, akainua mkono.

"Ya kushoto. Kulia alikuwa ameng'oa."

Nikasahihisha. Nikaendelea. Kwenye jogoo akatikisa kichwa, kwenye mifereji ya miguu akaangalia miguu yake mwenyewe. Kwenye kicheko hakusema kitu kwa muda mrefu. Nilidhani nimekosea tena.

"Na mbuzi?" akauliza.

"Mbuzi sijamaliza. Sijui alifanya nini."

"Hujui?" Akaniangalia kwa mshangao wa kweli. "Mimi aliniambia. Mwaka jana, akiwa kitandani. Alinisimulia mpaka mwisho."

Nikafungua ukurasa mpya, nikaandika "Mbuzi", nikaweka nukta mbili. Dada akajiweka sawa kwenye kigoda.

"Aliingia wakati wa sadaka," akaanza. "Akapita mlango wa akina mama. Mzee wa kanisa amesimama pale mbele na kapu. Sasa mbuzi akafika pale kwenye kapu, akamtazama mzee..."

Mabega yakaanza. Macho yakafumba. Mkono ukatafuta ncha ya kanga.

"Akamtazama..." Sauti ikaja, nyembamba.

Tone la kwanza likaangukia kwenye daftari, juu ya nukta mbili, wino ukatawanyika. La pili likagonga bati. Wingu lilikuwa limeshuka kutoka Rungwe na hakuna aliyeliona. Dada akainuka akiwa bado anacheka, machozi yanamtoka, akanionyesha kwa kidole upande wangu wa turubai, kwa kuwa maneno hakuwa nayo.

Nikaacha kalamu, nikakamata ncha mbili.